Mbao zikiachia, mkuku ukipinda: utatuzi wa matatizo ya modeli za meli Nyanda za Juu Kusini

Malalamiko ya wajenzi wa modeli za mbao huku juu yana majira yake, kama mahindi. Februari hadi Aprili ni vanishi iliyofanya ukungu. Juni na Julai ni gundi isiyoshika. Agosti mpaka Oktoba, upepo mkavu ukishaanza kuvuma, ni nyufa: jahazi lililokuwa zima wakati wa Pasaka, sasa unapitisha ukucha katikati ya mbao zake. Wengi hulaumu gundi, wakabadilisha kopo, na mwaka unaofuata mambo ni yaleyale. Mara nyingi gundi haina kosa. Mbao ilifungwa ikiwa na maji mengi, au machache, kuliko itakayokuwa nayo miezi sita baadaye.

Kwa hiyo, kabla ya kwenda kwenye dalili yoyote hapa chini, anza na mizani. Funga pamoja vipande 20 vya mbao unayotumia, uvipime kwenye mizani ya mfukoni inayosoma sehemu ya kumi ya gramu (aina ile wanayotembea nayo wanunuzi wa dhahabu Chunya), uandike uzito kwa penseli ubavuni mwa kipande cha juu. Rudia kila siku saa ileile. Uzito ukiendelea kushuka, mbao bado mbichi hata kama mkononi inaonekana kavu. Ukitulia siku tano mfululizo, endelea na kazi.

Sababu ya kusisitiza hivyo ni hesabu ndogo. Ubao uliopasuliwa bapa husinyaa takribani asilimia 1 ya upana wake kwa kila asilimia 4 ya unyevu inayoondoka. Kwa ubao wa upana wa milimita 5 hiyo ni 0.05 tu, huioni kwa macho. Weka mbao 20 ubavu mmoja, umepata milimita nzima, na milimita hiyo haigawanyiki sawasawa. Hukusanyika mahali gundi ilipo dhaifu na kufungua ufa mmoja. Kwa urefu wake mbao karibu haisogei kabisa, ndiyo maana nyufa zote hufuata urefu.

Paina iliyopasuliwa karibuni, hasa mabaki mnayookota kwenye mashine za mbao Mafinga, inaweza kubeba maji yenye uzito sawa na wa mbao yenyewe au zaidi. Anika ubao kivulini, penye upepo, ukiwa umetenganishwa kwa vijiti, kwa miezi miwili au zaidi. Pasua vipande vyembamba baada ya hapo. Kisha viweke wiki mbili ndani ya chumba ambamo modeli itaishi. Seti za kununua kutoka nje nazo zina mtego wake. Zikikaa Dar es Salaam mwezi mmoja zinakunywa unyevu wa pwani, na zikipanda Mbeya zinaanza kuutoa. Fungua boksi, toa mbao kwenye nailoni, ziache wiki mbili.

"Nyufa zimefunguka kati ya mbao za ubavuni"

Hii ndiyo inayoripotiwa kuliko zote. Vyanzo, kuanzia kinachotokea mara nyingi:

- Mbao ilibandikwa ikiwa mbichi, au ikiwa bado imelowa baada ya kulainishwa kwa maji ya moto. Mbao iliyolowa imevimba. Ukiibandika hivyo inapendeza sana jioni, asubuhi ina mwanya.
- Gundi iliwekwa kwenye mataruma (mbavu za ndani za chombo) tu, kingo za mbao zikaachwa kavu.
- Modeli imewekwa juu ya friji, karibu na televisheni, au dirisha linalopigwa na jua la saa tisa.
- Mataruma yenyewe yamecheza, kwa kuwa plaiwudi ilikuwa ya bei ya chini na tabaka zake zinaachana.

Ukaguzi ni rahisi. Chukua kipande cha karatasi ya daftari, jaribu kukiingiza kwenye nyufa ukianzia omo (mbele ya chombo) kwenda tezi (nyuma). Ikiingia sawasawa urefu wote, mbao imesinyaa. Ikiingia omo peke yake na kukwama mbele kidogo, pale mbao ilikunjwa kwa nguvu na inajaribu kurudi ilikotoka. Gonga pia mataruma kwa ncha ya penseli kupitia mwanya wa sitaha: lililo zima hutoa mlio mkavu, lililoachana hutoa mlio mzito.

Sasa, kosa linalogharimu kuliko ufa wenyewe: kuujaza ufa kwa kitu kigumu mwezi Septemba. Mvua zikirudi mbao huvimba, haina pa kwenda, na ubavu mzima unainuka kwenye mataruma. Tumeona modeli zilizopona nyufa zikafa kwa dawa ya nyufa. Fuata utaratibu huu:

1. Hamisha modeli kwenye chumba kisicho na jua wala joto, uiache wiki mbili. Nyufa nyingi nyembamba hujifunga zenyewe nusu.
2. Ufa ulio chini ya milimita 0.3: changanya unga wa msasa wa mbao ileile na gundi nyeupe mpaka uwe kama ugali laini, usugue ndani kwa kidole, futa kwa kitambaa chenye unyevu, acha saa 12, piga msasa namba 240.
3. Ufa wa milimita 0.3 hadi 1: chonga ulimi wa mbao ileile, mwembamba upande mmoja kama kabari, upake gundi upande mmoja tu, usukume ndani. Upande usio na gundi utabaki na nafasi ya kupumua.
4. Zaidi ya milimita 1: toa ubao. Kwa gundi nyeupe, weka kitambaa kilicholowekwa maji ya moto juu ya ubao huo dakika 10, ingiza kisu chembamba kuanzia mwisho, nyanyua polepole taruma moja baada ya jingine. Kwa supaglu maji hayasaidii. Tumia asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha, kwa brashi ndogo, ukiwa umefungua madirisha. Asetoni hutoa vanishi pia, kwa hiyo funika sehemu za jirani.

"Mbao inavunjika nikiikunja kwenye omo"

Kabla ya kulaumu mbao, iangalie ubavuni. Mistari ya nyuzi zake inapaswa kwenda sambamba na ukingo. Ikitoka nje ya ukingo ndani ya sentimita 5 au 6, hata uiloweke siku nzima itavunjika palepale. Hicho ndicho chanzo namba moja, na tiba yake ni kutupa kipande hicho au kukitumia sitahani, ambako hakuna mkunjo.

Chanzo cha pili ni maji yasiyo na moto wa kutosha. Kinacholainisha mbao ni joto. Maji ni ya kulifikisha ndani na kuizuia mbao isiungue. Mbeya mjini, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, Njombe pungufu ya hapo. Kwa hiyo nyakati zilizoandikwa kwenye maelekezo ya seti, ambazo ni za watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari, ziongeze robo.

Chombo kinachofaa kuliko sufuria ni chupa ya chai. Mimina maji yaliyochemka sasa hivi, simamisha mbao ndani, ile ncha itakayokunjwa ikiwa chini, ziba mdomo kwa kitambaa. Mbao ya unene wa milimita 1 iache dakika 12. Ya milimita 1.5, dakika 20. Ya milimita 2, dakika 35 mpaka 40, ukibadilisha maji mara moja katikati. Ukiitoa, una sekunde 15 hivi kabla haijapoa. Ikunje polepole juu ya kopo la maziwa lililojaa maji ya moto, ukibonyeza kwa dole gumba kuanzia mahali panaponyooka kwenda kwenye ncha. Ukisikia mlio mdogo kama kijiti cha kiberiti, simama hapohapo. Nyuzi za nje zimeanza kukatika, irudishe chupani dakika tano. Ikikubali, ifunge kwenye umbo la omo kwa vibanio vya nguo, bila gundi, mpaka kesho. Gundi ni ya kesho.

Chanzo cha tatu ni kujaribu kuikunja mbao kwa ubapa na kwa ukingo kwa wakati mmoja. Mbao haikubali kupindishwa kwa ukingo, na ukiilazimisha inasimama upande mmoja kama ngazi. Dawa yake ni kupunguza upana kuelekea omo. Pima urefu wa taruma la kati kutoka ukingo wa sitaha hadi mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo ulio chini kabisa: tuseme milimita 80. Kwa mbao za milimita 5 utahitaji 16. Pima tena taruma la kwanza omoni: tuseme 52. Gawanya kwa 16, unapata 3.25, huo ndio upana wa kila ubao unapofika pale, na unaanza kupungua kutoka taruma la tatu au la nne. Hesabu ikikupa chini ya nusu ya upana wa ubao, yaani 2.5 kwa mfano huu, usichonge ncha kama sindano. Acha ubao mmoja uishie njiani na mbao mbili za jirani zikutane mbele yake. Tezini mara nyingi ni kinyume: nafasi inakuwa pana, unaongeza kipande chenye umbo la kabari.

Mbao zenyewe? Paina safi isiyo na fundo, iliyopasuliwa ikiwa kavu, inatosha kwa tabaka la kwanza. Mninga hupendeza kwa tabaka la juu, unene wa milimita 0.6 hadi 1. Mkaratusi uache kwa nguzo: unajipinda na kupasuka ukikauka, na nyuzi zake hujizungusha. Kwamba watu wengi wanauita mlingoti isikushawishi kuutumia kwa mlingoti wa jahazi.

Onyo kuhusu kupasua: usijaribu kutoa vipande vya milimita 2 kwenye msumeno wa meza wa kawaida kwa mkono mtupu. Kipande chembamba hunaswa kati ya meno na kizuizi, kikarushwa nyuma kama mshale. Mpelekee fundi seremala mwenye mashine na kisukumio, mwambie unene unaoutaka, lipa.

"Gundi haishiki, ubao unaachia asubuhi"

Angalia mabaki ya gundi pale ubao ulipoachia. Yenyewe yanakueleza.

Yakiwa meupe na yanatoka kama unga wa chaki, baridi imefanya kazi. Gundi nyeupe ya mbao ikikauka chini ya nyuzi 10 hivi haishikamani, na usiku wa Juni Njombe, Makete au Mafinga unashuka chini ya hapo kwa urahisi. Bandika saa nne asubuhi, si saa mbili usiku. Weka kopo la gundi ndani ya maji vuguvugu dakika 10 kwanza. Acha kazi kwenye chumba kilichopata jua mchana.

Yakiwa angavu na laini kama ngozi ya kitunguu, yamebaki upande mmoja tu, upande wa pili haukulowana. Kwa paina karibu kila mara ni utomvu. Futa eneo kwa kitambaa chenye thina, acha dakika 20, piga msasa namba 120, bandika upya. Mninga na mtiki nao wana mafuta yao. Dawa ni ileile.

Kama hakuna gundi kabisa, ilinyonywa na kichwa cha mbao, yaani pale nyuzi zilipokatwa. Kingo za mataruma ya plaiwudi hunywa sana. Paka koti la kwanza jembamba, subiri dakika tano, paka la pili, ndipo ubandike. Na ubane: vibanio dakika 30 kwa uchache, saa nzima wakati wa baridi.

Supaglu ina tabia ya kinyume ambayo huwashangaza wengi. Inagandishwa na unyevu, hivyo Septemba, hewa ikiwa kavu, inachelewa. Pulizia pumzi yako kwenye upande usio na gundi, kisha bandika. Usimwage zaidi, tone nene ndilo linalochelewa kuliko yote.

Usiguse supaglu ukiwa umevaa glavu za pamba, wala usiitumie kubandika tanga la pamba. Ikikutana na pamba inachemka ghafla, inatoa moshi, na inaweza kuunguza ngozi. Vidole vikishikana, loweka kwenye maji vuguvugu ya sabuni na uvizungushe taratibu, usivute. Ikiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi, funika kwa kitambaa chenye unyevu, nenda hospitali. Usijaribu kufungua kope kwa nguvu, na asetoni isikaribie uso.

Na jambo ambalo halina mjadala: usilete jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa ili gundi ikauke au mikono ipate joto. Hewa ya mkaa haina harufu na inaua. Ukijisikia kichwa kinauma na usingizi wa ghafla, toka nje kwanza, mengine baadaye. Kama kuna thina au asetoni mezani, moto wowote wa wazi ni hatari ya pili juu ya ya kwanza.

"Ubavu una mabonde na vilima"

Karibu kila mara mataruma hayakuchongwa kwa mshazari. Taruma la kati kingo zake ni za mraba, sawa. Lakini yale ya omo na tezi lazima kingo zifuate mwelekeo wa mbao. Yasipochongwa, ubao unagusa kona tu, na kati ya kona na kona unabonyea. Lalisha kipande cha mbao juu ya mataruma matatu kwa wakati mmoja, mulika tochi kutoka ndani. Mwanga ukipita chini ya kipande, endelea kuchonga. Tumia kipande cha msasa namba 120 kilichogundishwa kwenye mbao ndefu inayofika mataruma matatu au manne. Msasa wa kushika kwa vidole hufuata makosa badala ya kuyaondoa.

Tabaka la kwanza likishabandikwa, bonde la chini ya milimita 1 jaza na kupiga msasa, kwa kuwa tabaka la pili litalifunika. Zaidi ya hapo gundisha kipande cha mbao na ukichonge. Kama unajenga kwa tabaka moja tu, hakuna pa kujificha, rudi nyuma.

"Mkuku umepinda"

Hili huonekana limechelewa, kwa sababu jicho humtetea mjenzi. Vuta uzi mwembamba kutoka juu ya hanamu (mti wa mbele kabisa, omoni) hadi juu ya fashini (mti wa nyuma kabisa, tezini), angalia umbali wake na mstari wa katikati kwenye kila taruma. Tofauti ya milimita 1 kwa modeli ya sentimita 40 inavumilika. (Jahazi la mita 18 kwa kipimo cha 1:50 ni sentimita 36, kwa hiyo modeli nyingi zinaangukia hapo.) Milimita 3 itaonekana na kila mgeni anayeingia sebuleni.

Chanzo cha kawaida: ubavu mmoja uliwekwa mbao nne au tano kabla ya ule wa pili. Kila ubao unapokauka unavuta. Weka kushoto, weka kulia, ubao kwa ubao. Chanzo kinachofuata ni plaiwudi iliyoegeshwa ukutani kwa miezi. Cha tatu ni kujenga hewani, bila kibanio cha mkuku. Vipande viwili vya mbao iliyorandwa, vilivyofungwa kwa skrubu kwenye kipande cha marumaru au ubao mnene, vikiacha mwanya sawa na unene wa mkuku, vinatosha.

Kama mbao bado hazijawekwa: lowesha kidogo upande ulioingia ndani (ule wenye shimo, si wenye mgongo), lalisha juu ya kioo, weka matofali mawili, acha siku tatu. Upande uliolowa unavimba na kunyoosha. Ukikataa, kata mikato mitatu au minne kwa msumeno mwembamba hadi nusu ya unene, kati ya taruma na taruma, nyoosha, kisha gundisha vipande vya mninga pande zote mbili kama banzi la mguu uliovunjika.

Kama pande zote mbili zimeshafunikwa mbao, acha. Kuzibomoa kutaharibu zaidi ya vile mpindo unavyoudhi. Tengeneza kitako kinachoshika mkuku mahali pawili tu, omo kidogo na tezi kidogo, na ugeuze ubavu mzuri kuelekea mlangoni.

"Mlingoti umejipinda" na "foromali imepasuka"

Mlingoti uliotolewa kwenye ubao kwa msumeno hujipinda kwa kuwa msumeno haujali nyuzi. Pasua kwa kisu au shoka dogo kijiti kutoka paina iliyonyooka, ukifuata nyuzi zenyewe, ndipo ukirande: mraba, kisha pande nane, kisha mviringo. Kukizungusha kwenye keekee na kukipiga msasa ni sawa kwa urefu wa hadi sentimita 25. Zaidi ya hapo kinaanza kupiga mijeledi na kinaweza kukatika kuelekea usoni. Vaa miwani.

Foromali ya jahazi, ule mti unaobeba tanga, ni ndefu na ina mpindo wake wa asili, na hapo Iringa wana bahati: mianzi. Chagua ubanzi kutoka kwenye ganda la nje, wenye fundo moja au mawili tu. Uliokomaa na kukauka miezi mitatu haupasuki. Ule wa kijani hupasuka wiki ya pili. Vijiti vya mishikaki vya milimita 3 ni vizuri kwa foromali ndogo, na kwa vigingi vya kushikizia mbao pia: vipitishe kwenye tundu lililotobolewa kwenye bati nene mpaka viwe na unene mmoja.

"Kamba zinalegea"

Uzi wa pamba hujifupisha ukipata unyevu na kulegea ukikauka. Ukiukaza sana Septemba, Machi utauvuta mlingoti nyuma. Uzi wa nailoni hutanuka polepole na haurudi. Kwa henza (kamba ya kupandishia foromali) na demani (kamba ya kuongozea tanga) tumia uzi wa poliesta wa mafundi viatu, usio na mng'ao, uliopitishwa mara mbili kwenye nta ya nyuki na kisha katikati ya vidole vyenye joto ili vinyweleo vilale. Mafundo yashikilie kwa gundi nyeupe iliyochanganywa na maji, moja kwa tatu. Supaglu hugeuza uzi kuwa mgumu na mweusi.

Kama kamba zimelegea zote za upande mmoja, usizikaze. Angalia kwanza kama mlingoti umehama kwenye kiti chake.

"Vanishi imefanya ukungu" na ndugu zake

Weupe kama maziwa: umepaka hewa ikiwa na unyevu mwingi, mvua ikinyesha au jioni ya umande. Subiri siku kavu, pitisha koti jembamba la thina yenye vanishi kidogo, weupe unaondoka. Mapovu: kopo lilitikiswa badala ya kukorogwa, au modeli ilianikwa juani. Piga msasa 320, rudia kivulini. Kunata kwa siku nyingi: baridi, au mafuta ya mninga, futa kwa thina kabla ya koti la kwanza. Madoa ya njano yanayotoka kwenye paina ni utomvu wa fundo, na hayazibiki kwa vanishi zaidi. Yakwangue mpaka kwenye mbao.

Paka na ndani pia, hata koti moja, kabla ya kufunga sitaha. Ubavu uliopakwa nje tu hunywa unyevu upande mmoja na kujikunja.

Vumbi la mvule na mpingo huwasumbua watu wengine kifua na ngozi. Ukianza kukohoa usiku au kupata vipele baada ya kupiga msasa, acha mbao hiyo na umwone daktari. Usiendelee kwa kujipa moyo kwamba mwili utazoea.

"Kuna vitundu na unga laini chini ya modeli"

Vitundu vya milimita 1 au 2, na unga laini kama poda: wadudu wanaokula mbao. Kwanza hakikisha ni wazima. Futa unga wote, weka modeli juu ya karatasi nyeusi, angalia baada ya wiki. Hakuna unga mpya, hakuna kazi ya kufanya zaidi ya kuziba vitundu kwa nta.

Unga ukirudi, funga modeli kwenye mifuko miwili ya nailoni, toa hewa, na uiweke kwenye friza la nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukiitoa usifungue mifuko mpaka siku inayofuata, la sivyo umande unaingia kwenye mbao. Kama modeli ni kubwa kuliko friza, mtafute mpuliziaji dawa mwenye leseni.

Usitumie vidonge vya kuhifadhia mahindi. Hili linahitaji kusemwa kwa sababu karibu kila nyumba yenye ghala huku juu inavijua. Vikipata unyevu hutoa gesi ya fosfini; ndani ya kabati la sebuleni, ukuta mmoja na chumba cha watoto, kidonge kimoja kinaweza kuua kabla hakijaua mdudu. Kama mtu ameshaviweka, toeni watu wote nje, fungueni milango, msirudi kukitafuta kidonge, na yeyote mwenye kichefuchefu au kifua kubana apelekwe hospitali mara moja.

Modeli ya zamani uliyorithi, hasa yenye kamba za asili au mbao zilizoshonwa kama mtepe (chombo cha kale cha pwani), isiguswe kwa lolote kati ya haya. Ipige picha pande zote, iweke kwenye boksi lenye karatasi laini mbali na jua, na uwaulize wahifadhi wa makumbusho kabla hata ya kuifuta vumbi.